Nusu Mbili za Picha ya Mzee Maganga

Jumatatu, 4 Juni 1934

"Kalamu inaweza kudanganya, lakini picha haiwezi. Jua lenyewe ndilo lililoiandika, na jua halina upande." Maneno ya Mwalimu Lukas wa shule ya misheni, katika gazeti lililofika na treni ya jana. Ameweka jina lake na mji wake, Tabora, ili tusimkose.

Jua halina upande. Sawa. Aliyesimamisha kamera je? Aliyesema wewe kaa hapa, wewe ondoka, je? Na aliyekuja miaka hamsini baadaye akaandika chini yake "Mtumwa wa Unyanyembe akiwa kongwani", naye ni jua?

Nimeisoma barua mara tatu huku nikishona na kujalidi madaftari ya stesheni. Picha yenyewe ameibandika kwenye ukuta wa darasa. Sijaiona. Sihitaji kuiona ili nimjibu. Hoja yake ni mbovu bila picha na ni mbovu pamoja na picha. Nimeanza jibu. Kurasa nne tayari.

Madaftari kumi na moja bado. Gundi imechacha, imenibidi nipike nyingine.

Jumatano, 6 Juni

Shemeji Zena amekuja karakana saa tatu asubuhi, ushungi umekaa upande. Yeye ni mdogo wa marehemu mke wangu. Hakuketi. Kasema posa ya binti yake Mwanaidi imesimama.

Sababu: Mwalimu Lukas alikuwa na picha mbili zilizofanana. Moja akaibandika darasani. Ya pili akampa Mzee Hamisi, muuza nguo, ambaye ukuta wa duka lake umejaa picha za zamani. Mzee Hamisi ndiye baba wa kijana anayemposa Mwanaidi. Akaitundika. Akaitazama vizuri. Mtu wa kwenye picha, sikio lake la kushoto halina ncha.

Tabora nzima ilimjua mtu mmoja wa namna hiyo. Mzee Maganga, baba yake Zena, mkwe wangu. Fisi alimng'ata sikio akiwa amelala kambini, zamani za misafara. Aliisimulia habari hiyo mpaka watoto walikuwa wakiimalizia wao.

Mzee Hamisi amemtuma mshenga kusema wasubiri kwanza. Hakusema wasubiri nini.

Nilimwambia Zena kwamba kuwa mtumwa si aibu ya mtumwa. Ni aibu ya aliyemfunga. Nilieleza kwa urefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, hayo kaandike gazetini. Mimi nataka mwanangu aolewe."

Niliandika kurasa mbili zaidi baada ya yeye kuondoka, zote kali. Hazimsaidii.

Alhamisi, 7 Juni

Nimekwenda dukani kwa Mzee Hamisi. Amenipokea vizuri mno, kahawa na kashata. Mtu akikukirimu hivyo ujue amekwisha kuamua.

Nimeiona picha. Kijana amesimama mbele ya mti, kifua wazi, anatazama kamera bila kucheka. Nyuma kuna nyumba ya tembe na mlango wake. Sikio ni lake. Miti miwili inachomoza huku na huku ya shingo yake, imekutana chini kama panda. Kooni kuna kitu cheusi kama kijiti cha kufungia. Kongwa, mti wa panda wa kufungia watumwa shingo. Mtu yeyote angesema kongwa. Niliudhika kwamba hata mimi ningesema.

Nilimwambia serikali imekwisha kufuta utumwa.

"Serikali imefuta kazi, Bwana Sefu," akasema. "Haijafuta ukoo."

"Na dini?"

"Dini inanifundisha nimchagulie mwanangu nyumba njema."

"Njema kwa kipimo cha nani?"

"Kunywa kahawa, bwana. Inapoa."

Mteja mmoja alicheka. Sikupenda.

Lakini nimeona jambo. Picha haina ukingo mweupe upande mmoja. Imekatwa. Na juu imeviringwa kama dirisha la msikiti. Picha za sura hii ninazijua. Ninazo kumi na mbili nyumbani, pamoja na kile chombo chake tunachokiita miwani ya picha, nilichonunua kwa fundi saa wa Kihindi alipohama. Kadi moja ina picha mbili, kulia na kushoto. Unaweka kadi kwenye kijiti, unatia macho kwenye vioo viwili, na picha mbili zinakuwa moja yenye kina. Daraja linasogea mbele yako. Mlima unakwenda mbali. Marehemu mke wangu alikuwa akinyoosha mkono kuushika ule mlima, kila mara, kunichokoza tu.

Zile picha mbili za Lukas hazifanani. Zinakaribia tu kufanana. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Naye amezitenganisha kwa mkasi.

Ijumaa, 8 Juni

Baada ya sala nimekwenda shuleni. Ni mara ya kwanza kuzungumza na Mwalimu Lukas ana kwa ana. Kwa kalamu tumekwisha kupigana miaka sita. Ni mfupi kuliko barua zake.

Ameniamkia shikamoo. Hilo lilinikera, amepishana nami miaka mitano tu. Nikaitika marahaba.

Kasema kadi aliikuta katika sanduku lililoachwa na Mzungu mmoja. Ubao wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Akazilowesha picha, akazibandua, akazitenganisha. "Zilikuwa mbili sawa. Niliona ni uchoyo kukaa na zote." Mtu wa utaratibu: nyuma ya kila moja ameandika namba kwa penseli. Moja. Mbili.

Nikamweleza kwamba alichokata ni macho mawili ya mtu mmoja. Aliitazama ile ya ukutani. Kisha akauliza kama chombo kitaonyesha kongwa vizuri zaidi.

"Kitaonyesha kilichopo," nikasema.

"Basi chukua ya ukutani. Ikiwa kongwa, utaandika gazetini kwamba ni kongwa?"

Nikasema nitaandika. Akasema hata yeye ataandika, likiwa si kongwa. Tulikubaliana kama watu wanaouziana mbuzi. Aliibandua picha ukutani kwa wembe, taratibu, bila kuichana. Namba moja.

Mzee Hamisi amenipa namba mbili bila ubishi. Anaamini itamthibitishia.

Jumamosi, 9 Juni

Nimekata karatasi ngumu, nikapima nafasi kwa kadi zangu, nikabandika pembeni tu kwa gundi nyepesi. Kazi ya dakika kumi. Nikatoka nayo uani penye mwanga.

Kwanza ukungu. Kisha zikaungana.

Miti ile iko mbele. Mbele ya shingo yake. Imemtoka usoni kama mikono ya mtu anayemkaba. Nimeondoa macho, nimerudisha, nimesogeza kadi, nimefuta vioo. Mbele.

Ni kongwa. Lukas amesema kweli. Mimi nimekosea.

Kurasa sita nimezichoma jikoni.

Jumapili, 10 Juni

Sikushona kitu. Mwanaidi alileta ndizi, akaniona, akajua.

Nilimwonyesha. Ana haki, ni babu yake. Alitazama muda mrefu. Kisha kasema, "Baba mkubwa, mbona hakutuambia? Ya fisi alituambia mara mia."

Niliposema labda aliona haya, akakataa. Babu hakuwa mtu wa haya. Anataka twende Kigwa kwa Bibi. Nimemkumbusha kwamba kumuuliza mama mkwe swali kama hilo si jambo la mtu kufanya. Akasema atauliza yeye, mimi nibebe sanduku la miwani ya picha.

Jumatatu, 11 Juni

Madaftari saba yamekwenda stesheni. Karani amesifu migongo. Zena hajui tunakokwenda, ameambiwa ni kupeleka dawa.

Jumanne, 12 Juni

Naandika haya katika treni ya kurudi. Mwandiko mbaya. Niyaandike kwa mpangilio.

Tumefika Kigwa kabla ya adhuhuri. Bibi Kalunde alikuwa anapepeta mtama. Mwanaidi akapiga magoti. Mimi nikasimama mbali, kama inavyopasa, nikamwamkia nikiwa nimetazama kando. Mkwe hampi mama mkwe kitu mkononi. Nikaweka miwani ya picha juu ya kinu kilichogeuzwa, nikarudi nyuma hatua saba. Mwanaidi akaichukua, akamshikia bibi yake machoni.

Bibi alitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mkwe wangu," akaniita bila kugeuka, "nani kamgeuza mume wangu nje ndani?"

"Vipi, mama?"

"Uso umebonyea kama sahani. Mlango umetoka nje ya nyumba kama sanduku. Nyumba yenyewe imekaa mbele ya mti. Mti nao umekaa mbele ya Maganga, na Maganga kaingia ndani yake kama msumari. Maganga hakuwa na uso wa sahani."

Nikamwomba Mwanaidi anirudishie. Nikatazama, safari hii si shingo, nyumba. Kweli. Mlango umetoka nje. Cha nyuma kiko mbele, cha mbele kiko nyuma. Siku ile niliangalia miti tu, nikaamini. Msomaji wa neno moja katika ukurasa. Hiyo ndiyo tabia ninayomshtaki Lukas nayo kila mwaka.

Kosa nililipata papo hapo, na ni la mikono yangu. Lukas anasoma toka kushoto, namba moja kwake ni ya kushoto. Mimi nimejalidi misahafu na vitabu vya vyuo vya Kurani, visomwavyo toka kulia, miaka ishirini na minane. Ukurasa wa kwanza, mkono wangu unauweka kulia bila kuniuliza. Nimeliwekea jicho la kulia picha ya jicho la kushoto. Kila kitu kikapinduka.

Nililowesha pembe, nikabandua, nikabadilisha. Bibi alitoa uji wa muhogo ukawa gundi. Tukangoja ukauke juani. Kuku mmoja alitaka kuila kazi yangu.

Sasa imekaa. Maganga amesimama mbele, peke yake, shingo yake iko huru. Kitu cheusi kooni ni hirizi, inaning'inia. Miti iko nyuma yake, karibu dhiraa nzima, imefungwa kwenye furushi refu lililoegemezwa mtini. Furushi lenyewe sikuliona kabla, katika picha bapa ni kivuli cha mti.

"Mtumba wa merikani, mzigo wa kitambaa cha biashara," Bibi akasema. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mpagazi wa Kinyamwezi alifunga mtumba wake kati ya miti, akaziacha ncha zake zichomoze. Akipumzika anausimamisha kwenye mti. Akiondoka anaingiza bega tu. "Mpagazi hainami kuokota mzigo. Akiinama mara mia kwa siku, hafiki pwani." Maganga alikuwa wa kulipwa, safari tatu kwenda na kurudi. Alichagua msafara wake mwenyewe.

Nimesoma vitabu vingi vya wasafiri. Hakuna hata kimoja nilichosoma kwa makini kuhusu namna ya kufunga mtumba.

Mwanaidi alikuwa anacheka kwa furaha. Akasema, "Kwa hiyo kwetu hakukuwa na mtumwa."

Bibi akaendelea kupepeta. Kisha, kwa sauti ile ile ya mtama: "Babu yako hakuwa. Mimi nilikuwa."

Alitoka ng'ambo ya ziwa, msichana mdogo, kwa kamba shingoni, mpaka Ujiji, mpaka huku. Msafara huo huo wa kwenye picha. Maganga alimkomboa kwa ujira wake wa safari, akamwoa. Jina Kalunde alipewa na mama mkwe wake. La kwanza analikumbuka, lakini hakulitaja.

Mwanaidi akachukua chombo tena, akatafuta. Huku nyuma, huku pembeni. Akauliza, "Uko wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Yule mwenye kamera alipokuja, tuliambiwa tukae nyuma ya nyumba, tusiharibu picha."

Kina kile chote, na hakifiki nyuma ya nyumba.

Nilimuuliza, mara ya kwanza nikikaribia kumtazama usoni, ni nani aliyeshika kamba. Akasema, "Wajukuu zake ni watu wema, mkwe wangu. Wananiamkia. Waache."

Mwanaidi yuko dirishani tangu tuondoke stesheni ya Kigwa. Anatazama miombo.

Jumatano, 13 Juni

Zena ameambiwa yote. Hakuwa anajua. Mama yake hakuwahi kumwambia, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko lile lenyewe.

Kisha akafikiri, na akawa wa vitendo. Picha inatosha. Mzee Hamisi aliuliza habari za mwanamume wa kwenye picha. Ajibiwe habari za mwanamume wa kwenye picha. "Hukuulizwa zaidi, Shemeji. Usijibu zaidi."

Kwa mantiki, ana haki. Nilimwambia hivyo.

Mwanaidi alikuwa anachagua mchele. Kasema, "Mimi ndiye ninayeolewa. Nitakwenda dukani na baba mkubwa."

"Kusema nini?"

"Bibi kanyamaza miaka hamsini. Kasema mbele yangu. Sasa mimi nianze kunyamaza?"

Zena alimwita mpumbavu. Aliniita mimi jina jingine baya zaidi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alikuwa akinifichia kofia kwa mzaha. Leo hakunitazama.

Sikumshawishi Mwanaidi. Naandika hili kwa sababu mji utasema nimemshawishi. Kitu kimoja nilichofanya ni kunyamaza, na si kawaida yangu.

Ijumaa, 15 Juni

Dukani. Mzee Hamisi ametazama. Amefanya kama kila mtu, amenyoosha mkono hewani kugusa. Kisha amekaa chini.

"Subhana," akasema. "Iko nyuma."

Ni mtu mwenye haki katika jambo aliloliona. Alimwita mshenga pale pale. Aliniomba radhi mbele ya wateja wawili. Akamwambia Mwanaidi, "Mwanangu, utatusamehe wazee."

Ilikuwa imekwisha. Zena angekuwa amekaa hapo angemshukuru Mungu.

Mwanaidi akasema, "Babu hakufungwa, baba. Bibi alifungwa. Aliletwa kwa kamba, msafara huo. Nimeona ulijue kabla hujamtuma mtu kwetu."

Alisema kwa adabu, macho chini. Hakuna aliyekunywa kitu tena.

Mzee Hamisi alizungusha kikombe. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Waliomo humu."

Wateja wawili wakaanza kutazama vitambaa. Mzee Hamisi akasema atatuma jibu.

Jumanne, 19 Juni

Jibu limekuja na mshenga. Ndoa inaweza kuendelea. Sharti ni moja, lile jambo la Bibi lisitajwe tena, na Bibi asije harusini. Atatembelewa baadaye, kwa heshima.

Zena kakubali kabla mshenga hajamaliza kusema. Mwanaidi kaingia ndani, katoka na kanga walizomletea, zimekunjwa vizuri. Amemkabidhi mshenga kwa mikono miwili. "Mwambie baba nashukuru. Na mwanawe mwambie nimemsamehe, najua hakuulizwa."

Mshenga alikaa na kanga mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Akauliza kama ni hasira. Akajibiwa si hasira.

Baadaye nilimkuta uani akifua. Macho mekundu. Alimpenda yule kijana. Nilikuwa sijaliweka hilo katika hesabu zangu, miaka yote hii ya kubishana juu ya utumwa na heshima. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikachota maji.

Jumapili, 24 Juni

Mwalimu Lukas amekuja karakana baada ya misa. Ameleta barua yake ya kukiri kosa, niione kabla hajaituma. Fupi, safi. Sikubadili hata nukta. Alikuwa na karatasi nyingine na kalamu. Anataka kubandika upya picha darasani, na chini yake jina la mtu. Nikamtajia: Maganga, mpagazi wa kulipwa. Akauliza kama kuna zaidi. Nikasema kuna mtu wa pili, nyuma ya nyumba, na kwamba yeye mwenyewe amekubali aandikwe. Mwanaidi alikwenda Kigwa jana kumuuliza, na jibu limekuja na treni ya leo. Lukas akaandika. Hakunihubiria, wala mimi sikumhubiria. Tulikaa tukisikia mashine ya cherehani ya jirani.

Mwanaidi amebaki Kigwa mpaka mavuno yaishe. Zena hasemi nami. Nikipita anafunga mlango, polepole, bila kuupiga.

Gazeti lina nafasi yangu wiki ijayo. Nilikuwa nimeandika safu mbili. Leo nimefuta moja, kisha nusu ya pili, kisha karibu yote. Kilichobaki nitakituma kesho na treni. Nakinakili hapa ili nisikiongeze.

Wazee wa Tabora mnaotuma posa, wa Gongoni, wa Isevya, wa Ng'ambo, nawaambia ninyi kwa vyeo vyenu: kabla ya kuuliza bibi wa binti wa watu alifungwa kamba lini, simameni barazani mseme babu yenu yupi aliishika ncha ya pili.